Kuchora Usiku kama Jicho Linavyouona: Mwongozo Kamili wa Kupaka Rangi Mandhari ya Giza

Kosa linaloharibu picha nyingi za usiku hutokea kabla brashi haijaloweshwa. Mchoraji huchukua mandhari ya mchana aliyonayo kichwani, kisha huipunguzia mwanga. Majani yanabaki na kijani chake, nguo nyekundu inabaki nyekundu, kila tawi lina ukingo wake, halafu juu ya yote hayo unamwagwa weusi. Picha inatoka chafu, na usiku haumo.

Tazama mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642 ambao dunia nzima inauita wa walinzi wa usiku. Jina hilo hakulitoa yeye. Vanishi iliyogeuka nyeusi pamoja na uchafu wa miaka mingi ndivyo vilivyowafanya watu waamini kwamba ni usiku. Iliposafishwa katika miaka ya 1940, ikabainika wazi kwamba tukio ni la mchana. Dalili zilikuwapo muda wote. Kapteni amejifunga utepe mwekundu kifuani, na luteni wake anang'aa kwa manjano. Chini ya mbalamwezi utepe ule ungekuwa mweusi kama kaa la moto lililozimika.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye jicho. Ukijua jicho linafanya nini gizani, maamuzi mengi ya rangi yanajitoa yenyewe.

JICHO LIKIWA GIZANI

Retina, utando ulio nyuma ya jicho, ina aina mbili za seli za kupokea mwanga. Koni, kama milioni 6, hufanya kazi mchana na ndizo zinazotofautisha rangi. Vijiti, zaidi ya milioni 90, vinahitaji mwanga kidogo mno, lakini havijui rangi. Giza likiingia, koni hustaafu na vijiti hushika zamu. Hapo mambo manne hubadilika, na yote manne lazima yaonekane kwenye picha.

La kwanza ni muda. Mboni hupanuka haraka, kutoka kipenyo cha milimita 2 hivi hadi 7 kwa kijana, lakini upanuzi huo huingiza mwanga mara 12 tu zaidi. Kazi kubwa hufanywa na kemikali ya rodopsini inayojijenga upya ndani ya vijiti. Koni humaliza kuzoea ndani ya dakika 10 hivi. Vijiti vinataka dakika 20 hadi 30, na huendelea kuongeza nguvu kidogo hata baada ya hapo. Mwanga mkali wa ghafla huivunja rodopsini, na unaanza kusubiri upya. Rodopsini hujengwa kwa vitamini A, ndiyo maana mwili ukipungukiwa nayo, uoni wa usiku ndio hutangulia kufifia.

La pili ni rangi. Koni huona vizuri zaidi mwanga wa manjano-kijani, wa nanomita 555 hivi. Vijiti huona vizuri zaidi buluu-kijani, karibu nanomita 500, na nyekundu iliyokoza karibu haviioni kabisa. Mwanasayansi Mcheki Jan Evangelista Purkyně alilieleza jambo hili katika robo ya kwanza ya karne ya 19, baada ya kugundua kwamba maua mekundu yanayong'aa mchana huwa ya kwanza kuzama gizani, huku ya buluu na majani yakionekana kupata nuru. Lipime mwenyewe: weka kitambaa chekundu na cha buluu vyenye mwangaza unaokaribiana mchana, keti mbele yake kuanzia machweo, na usiwashe taa. Baada ya nusu saa chekundu kitakuwa shimo jeusi.

La tatu ni undani. Katikati kabisa ya retina, pale unapotumia kusomea, hakuna vijiti. Kitu hafifu ukikikodolea macho moja kwa moja kinapotea. Vijiti vimesongamana zaidi nyuzi 15 hadi 20 kando ya kitovu hicho, kwa hiyo gizani mtu huona vizuri zaidi kile asichokitazama. Hata hapo uoni ni wa maumbo makubwa: chini ya mwezi mpevu unaona kwamba kuna gazeti, pengine unasoma kichwa chake kikubwa, lakini habari yenyewe huisomi.

La nne husahauliwa na wengi. Giza totoro halionekani jeusi. Mtu aliyefungiwa mahali pasipo na mwanga hata chembe huona kijivu kizito chenye punje zinazochemka, kwa sababu seli za jicho hazinyamazi hata zisipoguswa na mwanga. Rangi nyeusi ya kopo iliyopakwa ikiwa tupu hufa juu ya turubai kwa sababu hiyo: ni nyeusi kuliko giza lolote ambalo jicho limewahi kuliona.

CHAGUA USIKU WAKO

"Usiku" ni neno moja lenye nyakati nyingi, na kila wakati una rangi zake. Utusitusi ni wakati jua likiwa kati ya nyuzi 0 na 6 chini ya upeo wa macho. Bado unaona mistari ya penseli bila taa. Kati ya nyuzi 6 na 12 maumbo yanabaki lakini undani unakwenda. Likipita nyuzi 18, mwanga wa jua angani umekwisha kabisa. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo kila hatua ya nyuzi 6 huchukua dakika 20 hadi 25 tu. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo utusitusi unavyorefuka.

Mbalamwezi nayo inataka hesabu. Mwezi mpevu huchomoza wakati jua linatua, kisha kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Ukihitaji mwezi ulio juu mapema jioni, nenda siku mbili au tatu kabla haujapevuka, usiende baada. Tena usidhani nusu ya mwezi hutoa nusu ya mwanga. Hutoa takriban sehemu moja ya kumi tu ya mwanga wa mwezi mpevu, kwa kuwa uso wa mwezi ulioangazwa kwa pembeni umejaa vivuli vya milima na mashimo yake.

Je, mbalamwezi ni ya buluu? Hapana. Ni mwanga wa jua ulioakisiwa na jiwe la kijivu, na kwa kipimo cha ala una wekundu kidogo kuliko jua lenyewe. Ubuluu huo unatoka kwa jicho na kwa mazoea ya wachoraji. Mmarekani Frederic Remington, katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1909, aliupaka usiku kwa kijani, na picha zake zinaaminika kabisa. Buluu ni chaguo zuri, lakini ni chaguo.

Usiku wa tatu ni ule wa taa au mshumaa. Karibu na taa koni bado ziko kazini, rangi zipo. Hatua chache mbali, vijiti vinashika. Picha moja inabeba macho mawili, ndiyo sababu ni ngumu kuliko zote na inavutia kuliko zote.

KAZI YA NJE

Fika mahali pako angalau dakika 40 kabla ya machweo. Kagua unapokanyaga, panga vitu mfuko kwa mfuko ili mkono uvipate bila taa, na mwambie mtu uliko. Unahitaji daftari la karatasi nyeupe ngumu, penseli laini ya 4B au 6B, na taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu iliyopunguzwa hadi mwisho. Taa hiyo ni nyekundu kwa sababu vijiti haviioni. Lakini kuna mtego: chini ya mwanga mwekundu, penseli nyekundu hupotea kwenye karatasi nyeupe, na ya machungwa hufifia. Tumia nyeusi peke yake.

Wakati wa utusitusi, chora mifupa ya mandhari: mstari wa upeo, makundi makubwa ya miti au majengo, mahali mwezi utakapokuwa. Kisha acha penseli, zima simu, na usubiri dakika 30 kamili. Taa ya gari ikipita, funga jicho moja. Lile lililofungwa halipotezi chochote, na ndilo utakaloendelea nalo.

Macho yakishazoea, chora vijipicha vitatu au vinne vya sentimita 8 kwa 12, kila kimoja kwa dakika 5 zisizozidi. Usichore vitu. Chora madaraja ya giza tu, ukiyaandika kwa namba: 1 kwa penye mwanga kuliko pote, 5 kwa penye giza kuliko pote. Tazama kando ya kila eneo, si katikati yake, kisha jiulize lipi limelizidi jirani yake. Mara nyingi utashangaa kukuta anga lina nuru kuliko ardhi, na kwamba miti ndiyo daraja la 5. Vinavyovunja kanuni hiyo ni maji, mchanga, theluji na kuta nyeupe. Andika pia kingo ulizoshindwa kuziona: "ukuta na mti vimeungana," "miguu ya daraja la mtoni haipo." Maandishi hayo yana thamani kuliko mchoro wenyewe, kwa sababu nyumbani akili itataka kurudisha kila kitu kilichokosekana.

Kuhusu kupaka rangi papo hapo, wapo waliofanya. Van Gogh aliupaka mto Rhône chini ya nyota mnamo Septemba 1888 akiangaziwa na taa ya gesi, na alikiri kwa barua kwamba gizani mtu anaweza kuichukua buluu akidhani ni kijani. Shida haiishii kwenye rangi. Taa yako ikiwa kali, picha itaonekana ina mwanga mwingi, utaitia giza, na asubuhi utakuta haionekani kitu. Ikiwa hafifu, utafanya kinyume, na mchana rangi zitapiga kelele. Sisi tunashauri njia ya mchoraji Whistler: alisimama akatazama, akaipa mandhari kisogo, akaieleza kwa sauti kwa mwenzake aliyekuwa bado anaitazama, naye akamsahihisha alipokosea. Akarudia hadi asikosee, kisha akaenda kulala na kupaka rangi kesho yake. Njia hii haihitaji kipaji chochote cha ziada, na hufuta kichwani kila kitu kisichokuwa cha lazima.

Kamera? Ichukue kama mwandishi wa maumbo, usiiamini kwa rangi. Chini ya mwezi mpevu, jaribu ISO 800, tundu f/4, sekunde 8 hadi 16, juu ya stendi ya miguu mitatu. Ukiongeza muda utapata picha ya mchana yenye nyota, yaani kile ambacho hakuna jicho lililokiona. Kwa nyota zisizochora mikia, gawanya 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi katika milimita: lenzi ya milimita 25 kwenye kamera ya fremu kamili inakupa sekunde 20.

RANGI NA MCHANGANYIKO

Kwa picha ya sentimita 30 kwa 40 kwa akriliki, rangi 6 zinatosha: buluu ya ultramarini, amba iliyochomwa (kahawia iliyokoza), nyeupe ya titani, ocha ya manjano, kijani cha thalo, na nyekundu moja ya kadimiamu au mbadala wake. Nyeusi ya kopo iache kabatini.

Changanya weusi wako kwa sehemu 3 za ultramarini na sehemu 2 za amba iliyochomwa. Tengeneza mililita 30 hivi, kwa sababu madaraja yote yanatoka humo, na ukiishiwa katikati hutaupata tena sawasawa. Hili ni daraja la 5. Chukua sehemu 10 za mchanganyiko huo ukiongeza nusu sehemu ya nyeupe upate daraja la 4. Sehemu 1 na nusu kwa la 3. Sehemu 4 kwa la 2. Na 10 kwa 10 kwa la 1. Nguvu ya nyeupe hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo paka kila daraja kwenye kadi, likauke, kisha urekebishe. Akriliki hukoza ikikauka. Gwashi, yaani rangi ya maji iliyo nzito, hubadilika kwa njia mbili: sehemu zenye giza hupauka, zenye mwanga hukoza. Asiyepaka kadi ya majaribio hubahatisha kila mpigo.

Anga lipewe ultramarini zaidi. Ardhi iliyo karibu na taa ipewe amba zaidi. Majani yanayoguswa na mwezi yapewe tone la kijani cha thalo, tone kweli, kwani rangi hiyo ina nguvu ya kumeza kibao kizima.

KUPAKA, HATUA KWA HATUA

Anza kwa kufunika turubai yote kwa daraja la 3. Turubai nyeupe hudanganya: juu yake daraja la 4 linaonekana jeusi tii, na utaogopa kwenda chini zaidi.

Tabaka likikauka, paka anga kwa brashi bapa ya sentimita 4. Juu daraja la 4, likipanda taratibu hadi la 3, na karibu na upeo la 2 iwapo kuna mwezi au mji nyuma. Pitisha brashi kavu kwa ulalo rangi ikiwa mbichi, ili mpaka kati ya madaraja usionekane. Mililita 10 zinatosha kwa tabaka moja. Paka mawili membamba badala ya moja zito.

Kisha makundi ya giza, yote kwa pamoja, kwa daraja la 5. Mti, kivuli chake na ukuta ulio nyuma viwe umbo moja kama daftari lilivyosema. Hapa wengi hurudi nyuma na kuanza kutenganisha majani. Usitenganishe. Kwa kipimo chetu, theluthi mbili za kingo katika picha ya mbalamwezi ziwe laini au zisiwepo kabisa, na kingo kali zibaki pale tu kitu cheusi kinapokata anga au maji. Jicho la mtazamaji hukamilisha lililobaki, kama linavyofanya gizani, na huko kukamilisha ndiko kunakomfanya ahisi yuko usiku.

Madaraja ya 3 hadi 5 yachukue angalau robo tatu ya eneo lote. Daraja la 1 lisizidi sehemu moja ya ishirini.

Sasa taa, mahali penye kazi ngumu kuliko pote. Rangi nyeupe bora huakisi karibu asilimia 90 ya mwanga unaoiangukia, na nyeusi isiyong'aa huakisi asilimia 4 au 5. Maana yake picha yako ina tofauti ya mara 20 hivi kati ya nuru na giza, ilhali tofauti kati ya mwali wa mshumaa na kona ya chumba ni ya maelfu. Huwezi kupaka vyote. Wachoraji wa karne ya 17 walilitatua hili kwa kuuficha mwali. Georges de La Tour aliweka mkono wa mtoto mbele ya mshumaa, mwanga ukapenya kwenye vidole na kuvifanya viwe vyekundu. Mwali ukifichwa, nyeupe yako yote inabaki kwa ajili ya uso wa mtu, na uso unawaka.

Taa ikibidi ionekane, ipake kwa pete: kiini cha nyeupe yenye chembe ya ocha, kisha manjano, kisha machungwa hafifu, kisha giza, kila pete ikiyeyukia inayofuata. Kitone cheupe kilichozungukwa na weusi huonekana kama tundu kwenye turubai. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: kitu kilicho mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo ya kile kilicho mita 1, na kilicho mita 4 hupata sehemu moja ya 16. Basi duara la taa lianguke haraka kuliko unavyodhani. Nyekundu itumike ndani ya duara hilo tu. Nje yake igeuze kuwa daraja la 5.

MWEZI NA NYOTA

Mwezi ni mdogo. Upana wake angani ni nusu nyuzi, yaani nusu ya upana wa kidole kidogo ukinyoosha mkono. Picha ya upana wa sentimita 40 inayoonyesha nyuzi 40 za mandhari inataka mwezi wa milimita 5. Jicho hukubali hadi mara mbili ya hapo, hasa karibu na upeo ambako mwezi huonekana mkubwa; zaidi ya hapo unakuwa sinia lililotundikwa. Upande wa hilali wenye nuru lazima uelekee kule jua lilikotua au litakakochomoza. Na kamwe usiweke nyota ndani ya pembe za hilali. Sehemu ile ni mwezi wenyewe ulio kivulini, na nyota haiwezi kuonekana mbele yake.

Nyota chache zinashinda nyingi. Chovya mswaki kwenye rangi ya daraja la 1 iliyozimuliwa iwe kama maziwa, ujaribu kwenye kadi kwanza, kisha uirushe kwa kidole gumba ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye picha, huku miti na ardhi vimefunikwa kwa karatasi. Matone yakitoka makubwa, maji yamezidi. Punguza nyota kadiri unavyoshuka kwenye upeo, kwa kuwa huko mwanga hupita kwenye hewa nzito zaidi, na zipunguze pia karibu na mwezi. Ni zile zinazong'aa sana peke yake zinazoweza kupewa rangi: Betelgeuse ina wekundu, Vega ina ubuluu. Hafifu zote ziwe kijivu, maana zinaonwa na vijiti.

KUKAGUA NA KUFUNIKA

Ikague picha mchana, chumbani, kwa mwanga wa kawaida wa dirishani usiouelekea moja kwa moja. Ikiwa kila kitu kinaonekana mara moja, umeipa kingo nyingi mno. Ikiwa haionekani kitu baada ya dakika moja ya kutazama, inua daraja la anga kwa hatua moja. Usiguse weusi, kwa kuwa weusi husomeka kwa kulinganishwa na kilicho nyuma yake. Ikiwa inaonekana ya mchana wenye mawingu, tafuta nyekundu na kijani zilizobaki nje ya mwanga wa taa.

Vanishi ni jambo la kufikiria kwa picha za giza kuliko nyingine zote. Inayong'aa huukoza weusi vizuri lakini huugeuza kuwa kioo, na mtazamaji hujiona mwenyewe. Isiyong'aa huondoa kioo lakini hutia weusi ukungu wa kijivu. Chagua ya katikati, matabaka mawili membamba, la pili baada ya la kwanza kukauka kabisa. Itundike mbali na ukuta unaotazamana na dirisha, taa iwe juu yake ikiinama nyuzi 30 kutoka wima, ili mng'ao uanguke sakafuni badala ya machoni.